Jino limekuamsha saa nane usiku: uende dharura, duka la dawa, au usubiri kliniki ya meno?

Jino lililooza hupiga zaidi usiku, na hakuna uchawi ndani yake. Kiini cha jino, ile nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, kimefungiwa ndani ya chumba kigumu kisichotanuka. Kikivimba, shinikizo linapanda. Ukilala chali, damu inaongezeka kichwani na shinikizo linapanda tena. Ndiyo maana mtu aliyekula chakula chake vizuri saa mbili usiku anajikuta saa nane anazunguka chumbani ameshika shavu, akitafuta bodaboda ya kumpeleka hospitali.

Tatizo ni kwamba hospitali ina milango mingi, na mlango unaokesha wazi si ule wenye kiti cha meno. Hapa tunalinganisha njia nne alizonazo mgonjwa wa Tanzania: idara ya dharura, zahanati au kituo cha afya, duka la dawa, na kliniki ya meno. Kipimo chetu ni kimoja: je, mahali hapo pana mtu na vifaa vya kufungua jino, kutoa usaha au kung'oa? Ukali wa maumivu si kipimo kizuri. Jino linaweza kukutoa machozi usiku kucha bila kuhatarisha maisha, na jino jingine linaweza kuacha kuuma kabisa kwa sababu kiini kimekufa, huku usaha ukiteremka shingoni.

Hali zisizo na mjadala

Ziko dalili ambazo ukiziona unaacha kusoma na kwenda idara ya dharura usiku huohuo:

- Uvimbe chini ya taya au shingoni, hasa pande zote mbili, au sakafu ya kinywa iliyoinuka na kusukuma ulimi juu.
- Kushindwa kumeza mate, mate kudondoka, sauti kubadilika kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, au kupumua kwa shida.
- Kinywa kisichofunguka zaidi ya upana wa vidole viwili.
- Uvimbe wa shavu unaopanda hadi kufunga jicho.
- Homa ya nyuzi 38 au zaidi pamoja na uvimbe, hasa kwa mwenye kisukari, anayetumia dawa za saratani, au ambaye kinga yake imeshuka.
- Damu isiyokata baada ya kung'oa jino.
- Ajali: taya lililovunjika, meno yasiyokutana kama zamani, au mtu aliyepoteza fahamu hata kwa dakika moja.

Dalili mbili za kwanza ndizo zinazoua haraka zaidi. Mizizi ya magego ya chini ya nyuma hufika chini ya msuli unaobeba sakafu ya kinywa, kwa hiyo usaha wake ukitoboa mfupa huangukia moja kwa moja kwenye nafasi zinazoungana na shingo. Uvimbe ukijaa hapo, ulimi hurudishwa nyuma na njia ya hewa hubanwa ndani ya saa chache. Mgonjwa wa namna hiyo asilazwe chali. Akae wima, hata ndani ya gari.

Kuhusu damu: kidonda cha jino lililong'olewa kutoa mate mekundu siku ya kwanza ni kawaida. Kunja gozi au kitambaa safi, kiweke juu ya shimo, ng'ata kwa dakika 30 kwa saa ya ukutani, bila kuchungulia. Mfuko wa majani ya chai uliolowanishwa nao hufaa, kwani tanini yake husaidia damu kuganda. Rudia mara moja. Bado inachuruzika? Nenda. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asisubiri raundi ya pili.

Na moja inayosahaulika: maumivu ya taya la chini yanayokuja ukipanda ngazi au kutembea haraka, yakiambatana na jasho, kubanwa kifua au mkono wa kushoto kuuma, yanaweza kuwa ya moyo. Hapo ni dharura, hata kama una jino bovu upande huohuo.

Idara ya dharura: inatoa nini hasa

Idara kamili ya kwanza ya magonjwa ya dharura nchini ilifunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2010, na tangu hapo hospitali nyingi za rufaa za mikoa na za halmashauri zimejengewa za kwao. Zimepangwa kwa ajili ya njia ya hewa, mzunguko wa damu, ajali na sumu. Muuguzi wa mapokezi hakupokei kwa foleni ya nani katangulia. Anapima joto, mapigo ya moyo, presha na oksijeni, kisha anakuweka kwenye kundi la uzito wako. Jino lisilo na uvimbe wala homa huangukia kundi la chini kabisa. Kila ajali ya pikipiki itakayoingia itakupita, na ni haki ipite.

Ukiitwa, daktari wa zamu atakuuliza, atatazama kwa tochi, na mara nyingi utatoka na dawa ya maumivu, pengine antibayotiki, na maelekezo ya kwenda kliniki ya meno asubuhi. Si kwamba amekupuuza. Chumbani kwake hakuna mashine ya kutoboa jino, hakuna eksirei ndogo ya jino, na mara nyingi hakuna koleo za kung'olea. Anachoweza, kama amefunzwa, ni kukuchoma ganzi ya kuzima neva ya upande huo, ambayo hukupa saa chache za usingizi. Kuuliza kama hilo linawezekana si utovu wa adabu.

Gharama yake ndiyo inayowashtua wengi. Utalipa kumwona daktari na dawa usiku, kisha utalipa upya kliniki ya meno, kwa jino lilelile ambalo hakuna aliyeligusa. Kwa uvimbe wa shingo hesabu hiyo haina maana: pale unapata dawa kwa mshipa, picha ya shingo, daktari wa upasuaji wa kinywa akiitwa, na kitanda. Kwa jino linalopiga tu, umenunua vidonge kwa bei kubwa.

Kwa jino linalopiga tu, gari la wagonjwa halihusiki. Namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, ni ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wenye dharura.

Duka la dawa: njia ya bei nafuu, yenye mitego

Kwa mtu mzima asiye na dalili za hatari, usiku mmoja unaweza kuvukwa kwa dawa za dukani zikinywewa kwa mpango. Mpango wenyewe ni huu: ibuprofeni miligramu 400 (vidonge viwili vya 200) pamoja na parasetamoli miligramu 1000 (vidonge viwili vya 500), kwa wakati mmoja, baada ya kula kitu. Dawa hizi hufanya kazi kwa njia tofauti, na zikiungana hutuliza jino kuliko moja peke yake. Kwa maumivu ya meno mchanganyiko huu haushindwi na dawa za maumivu za jamii ya afyuni, kama mofini, ambazo watu huzifikiria kuwa ndizo kali. Rudia baada ya saa 6 hadi 8, ibuprofeni isizidi mara tatu kwa siku. Mwisho kwa saa 24: parasetamoli miligramu 4000 na ibuprofeni miligramu 1200 bila maelekezo ya daktari. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mgonjwa wa ini au mnywaji wa pombe wa kila siku apunguze parasetamoli.

Wengi hukosea hapa: hunywa kidonge kimoja cha parasetamoli, hungoja maumivu yarudi kwa nguvu zote, kisha husema dawa za siku hizi ni feki. Dozi ndogo haifiki, na maumivu yaliyoachwa yapande huwa magumu kushusha. Kosa la pili ni hatari zaidi. Maduka mengi huuza vidonge vyenye diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Mtu anakunywa hivyo, anaongeza parasetamoli, anaongeza ibuprofeni, na hajui kwamba amerudia kila dawa mara mbili. Soma maandishi madogo nyuma ya karatasi ya vidonge. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu. Unachagua moja, hunywi zote.

Asiyepaswa kugusa ibuprofeni wala diklofenaki: mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, pumu inayochochewa na dawa hizo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mjamzito kuanzia wiki ya 20, na mtu anayeshukiwa kuwa na dengi. Hao wabaki na parasetamoli.

Karafuu si ushirikina. Mafuta yake yana yujeno, kemikali inayotia neva ganzi kwa muda, na madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kutengeneza kizibo cha muda. Chovya kipande kidogo cha pamba kwenye tone moja au mawili, kifinye kisidondoke, kiweke ndani ya tundu tu. Ukimwaga fizini utaungua. Aspirini iliyosagwa na kuwekwa kwenye fizi huunguza vivyo hivyo. Aspirini hufanya kazi ikimezwa na kuingia kwenye damu, haifanyi kazi ikiwekwa shavuni. Petroli, maji ya betri na ugoro havina nafasi yoyote: vinaunguza nyama, na jino linaendelea kuoza chini yake.

Lala ukiinua kichwa kwa mito miwili. Sukutua maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe, na pitisha uzi katikati ya meno: mara nyingine "jino bovu" ni kipande cha nyama choma kilichojikita kwenye fizi. Kama kuna uvimbe, kandamiza kitambaa cha baridi kwa nje dakika 15. Joto liache.

*Kuhusu antibayotiki.* Hapa tunasimama upande mmoja waziwazi. Amoksilini haitulizi jino ambalo kiini chake kimevimba bila usaha kusambaa. Ndani ya kiini kinachokufa damu haifiki vizuri, na dawa inasafiri kwa damu. Miongozo ya madaktari wa meno, ukiwamo wa chama cha madaktari wa meno cha Marekani wa mwaka 2019, inashauri kutotoa antibayotiki kwa mtu mzima mwenye kinga nzuri anayeweza kutibiwa jino lenyewe. Zina kazi pale penye homa, uvimbe unaosambaa au mwili kuchoka, na hata hapo ni msaidizi wa kutoa usaha. Ule mchanganyiko maarufu wa amoksilini na metronidazo "wa jino", unaouzwa bila mtu kufungua kinywa chako, unakupa kuharisha, ladha ya chuma mdomoni na vijidudu sugu. Maumivu yanayopungua siku ya tatu kwa kawaida yamepungua kwa sababu kiini kimekufa.

Zahanati na kituo cha afya

Zahanati nyingi hazina huduma ya meno. Usiku watakupa kile ambacho duka la dawa lingekupa, au sindano ya diklofenaki kwenye tako, ambayo Watanzania wengi huiamini kuliko kidonge. Kama unaweza kumeza, sindano haina faida kubwa kwa jino, na ina madhara yake: jipu la mahali pa sindano, au neva ya mguu kujeruhiwa ikichomwa vibaya. Faida ya kweli ya zahanati ni kwa aliye mbali na mji: kuna mtu wa kupima homa, kutambua uvimbe wa hatari na kuandika barua ya rufaa.

Kituo cha afya ni habari nyingine. Baadhi vina tabibu wa meno ambaye mchana anang'oa, anaziba matundu ya kawaida na kusafisha. Piga simu au uliza kabla ya kupanda gari. Kwa jino ambalo umeshaamua kuling'oa, kituo chenye tabibu wa meno kilomita tatu kutoka kwako ni bora kuliko hospitali kubwa ya kilomita arobaini. Kwa jino unalotaka kuliokoa, mara nyingi hapatoshi: kutibu mzizi (kutoa kiini kilichoharibika na kujaza nafasi yake) kunahitaji eksirei na vifaa ambavyo havifiki huko.

Kliniki ya meno: mahali tatizo linapokwisha

Kliniki za meno za hospitali za umma hufanya kazi mchana, siku za kazi. Fika mapema, kabla foleni ya kadi haijajaa. Kliniki binafsi mijini hufungua hadi jioni na baadhi hufungua Jumamosi au Jumapili. Bei ni kubwa zaidi, lakini jino laweza kufunguliwa siku hiyohiyo. Mwenye bima aulize mapema kama kifurushi chake kinabeba kutibu mzizi au kung'oa tu.

Kazi ya daktari hapo inategemea jino lilivyofika. Baridi ikikuchoma sekunde chache tu kisha ikapotea, mara nyingi kuziba kunatosha. Maumivu yakidumu dakika nyingi baada ya baridi au moto, au yakikuamsha yenyewe, kiini hakirudi tena: ni kutibu mzizi au kung'oa. Jino likiuma ukiligongesha au kutafunia, mara nyingi uvimbe au uambukizo umefika nje ya mzizi.

Kwa dharura si lazima kumaliza kazi yote. Kufungua jino, kutoa kiini kilichovimba na kuweka kizibo cha muda huchukua chini ya saa moja, na maumivu mengi hukoma siku hiyo. Kusafisha na kujaza mizizi kunamalizwa baadaye. Gego la chini huwa na mizizi miwili na kwa kawaida njia tatu za neva ndani yake. La juu mizizi mitatu na mara nyingi njia nne. Ndiyo sababu gego ni ghali kuliko jino la mbele lenye njia moja, na baada ya matibabu huhitaji kofia, yaani kifuniko cha jino zima, lisipasuke. Asiyemudu kofia ahesabu hilo kabla ya kuanza. Mtu anayeokoa jino kwa fedha nyingi, akaliacha na kizibo cha muda miezi sita, hulipoteza jino na fedha.

Kung'oa ni rahisi, ni haraka, na hakurudi nyuma. Jirani za jino huanza kuinamia pengo, na la upande wa pili hushuka au kupanda. Kwa gego lililobaki mizizi mitupu, hayo ni maneno tu, ng'oa.

Imani kwamba jino lililovimba haliruhusiwi kung'olewa mpaka umalize dozi imewapeleka watu wengi wodini. Kuondoa chanzo na kutoa usaha mapema ndiyo tiba. Kilicho kweli ni kwamba ganzi hushika kwa shida palipo na uambukizo, kwa kuwa tindikali ya mahali hapo huizuia kupenya neva. Daktari mzoefu huchoma mbali na uvimbe, huongeza aina nyingine ya sindano, na husubiri dakika 10 kabla ya kujaribu.

Maumivu makali yanayoanza siku ya pili hadi ya nne baada ya kung'oa, yakiwa na harufu mbaya, ni shimo lililopoteza damu iliyoganda. Sigara na kusukutua kwa nguvu siku ya kwanza huchangia. Rudi kwa aliyekung'oa akasafishe na kuweka dawa. Idara ya dharura haina cha kukusaidia.

| | Idara ya dharura | Zahanati / kituo cha afya | Duka la dawa | Kliniki ya meno |
|---|---|---|---|---|
| Usiku | Ndiyo | Baadhi | Baadhi | Mara chache |
| Inaondoa chanzo | Hapana, ila uvimbe mkubwa na ajali | Kung'oa, akiwapo tabibu wa meno | Hapana | Ndiyo |
| Kosa la kawaida | Kusubiri saa nyingi kwa vidonge | Sindano badala ya rufaa | Kurudia dawa ileile, antibayotiki holela | Kuacha matibabu katikati |
| Inamfaa | Uvimbe wa shingo, homa, damu, ajali | Aliye mbali na mji | Maumivu bila dalili za hatari, usiku mmoja au miwili | Karibu kila jino linalouma |

Watoto

Parasetamoli kwa mtoto ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Mpime uzito, kijiko cha kukadiria kimewadhuru wengi. Aspirini asipewe. Shavu la mtoto likivimba na homa ikipanda, usihesabu siku, kwani kwake uambukizo husambaa haraka, naye huacha kula na kunywa.

Mtoto mchanga anayeharisha au mwenye homa hana "meno ya plastiki" yanayodaiwa kumletea ugonjwa. Uvimbe mweupe fizini ni chonge lake linalotafuta njia. Kulikwangua kwa kisu au spoku kunaleta damu, pepopunda na uambukizo, na kuharisha kunabaki bila maji ya chumvi na sukari wala matibabu.

Jino la ukubwani likichomoka zima, una nusu saa hadi saa moja ya thamani. Lishike upande mweupe unaoonekana kinywani, usiguse mzizi. Lisuuze sekunde chache tu, lirudishe kwenye shimo lake, mtoto ang'ate kitambaa. Ukishindwa, litie kwenye maziwa baridi. Hapa nenda popote penye daktari wa meno, saa yoyote. Usiku, idara ya dharura imwite. Jino la utoto halirudishwi.

Kwa walio ughaibuni

Uingereza, piga 111 upangiwe miadi ya dharura ya meno kabla ya kwenda hospitali. Marekani, sheria ya mwaka 1986 inailazimisha idara ya dharura kukupima na kuimarisha hali yako hata usipokuwa na fedha, lakini ankara itakuja baadaye, na jino litakuwa bado kinywani. Tafuta chuo cha udaktari wa meno au kituo cha afya cha jamii kinachotoza kulingana na kipato.

Ukifika dirishani asubuhi

Usiseme "jino linauma" ukanyamaza. Sema ni upande gani, limeanza lini, linaamshwa na nini, kama limekuamsha usiku, na kama ulipata homa au uvimbe. Toa karatasi za vidonge ulivyokunywa pamoja na saa ulizokunywa, taja kisukari, presha, ujauzito na dawa za kila siku. Na kama umekula tangu jana, sema. Kama hujala, kunywa hata uji kabla ya sindano ya ganzi, maana wengi wanaozimia kwenye kiti cha meno walikuja na tumbo tupu na hofu.